Kituo cha watoto, vikao vya wanandoa, SASA! au mtaji: mtaa wako uanze na kipi?

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Uganda wa mwaka 2016 uliwasomea watu sababu tano na kuwauliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu hizo: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiwatelekeza watoto, au akimnyima unyumba. Asilimia 49 ya wanawake na asilimia 41 ya wanaume walikubali angalau sababu moja.

Zisome tena taratibu. Ya kwanza ni jiko. Ya nne ni watoto. Ya tatu, mara nyingi, ni mwanamke aliyekwenda kisimani au kliniki na mtoto mwenye homa, foleni ikawa ndefu, akarudi jua limezama. Kofi linaangukia palepale kazi ya nyumbani ilipokwama. Ndiyo maana hatukubali kuona ukatili ukipangiwa bajeti yake na kazi za malezi zikipangiwa nyingine, kana kwamba ni nyumba mbili tofauti. Katika utafiti huohuo, asilimia 56 ya wanawake waliowahi kuolewa walisema wamepitia ukatili wa mume, wa mwili, wa kingono au wa maneno na vitisho.

Ulinganisho huu ni wa watu wenye pesa kidogo na uamuzi mkubwa: kamati ya akina mama sokoni Busia au Malaba, viongozi wa wakimbizi wanaozungumza Kiswahili Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, afisa maendeleo ya jamii wa gombolola (sub-county), kikundi cha kuweka na kukopa kilichopata msaada wa mwaka mmoja. Njia nne ndizo zinazopendekezwa sana: SASA! (programu ya kubadili mtazamo wa mtaa mzima kuhusu ukatili), vikao vya wanandoa, kituo cha watoto, na mtaji. Zote ni nzuri, lakini hazifanyi kazi moja.

Kitu ambacho si cha kuchagua

Njia yoyote mtakayoshika, mtaanza kusikia mambo mazito. Mwanamke atabaki nyuma kikao kikiisha, aseme. Kama hamjui mumpeleke wapi, mmemfungua kidonda bila dawa. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza ni za kutengeneza njia ya rufaa, hata kabla ya kununua mkeka.

Tembeleeni kituo cha afya, kituo cha polisi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Mpate jina na simu ya mtu mmoja kila mahali, na wa pili wa akiba, maana wa kwanza huhamishwa. Andikeni kwenye karatasi ndogo inayoweza kukunjwa ndani ya pochi, bila kichwa cha habari chenye neno "ukatili". Wekeni pia 116, simu ya bure ya Sauti inayopokea taarifa za ukatili, na 999 ya polisi. Kisha kila mwezeshaji ajue mambo haya kwa kichwa:

Aliyebakwa aanzie kituo cha afya. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora; za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Matibabu hayasubiri fomu ya polisi. Fomu yenyewe ni PF3, na kwa makosa ya kingono ni PF3A, na haiuzwi. Nguo alizovaa zisifuliwe; zifungwe kwenye karatasi au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza.

Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inampa mwanamke milango miwili. Mahakama ya baraza la mtaa inaweza kuonya, kuagiza fidia, kazi ya jamii au ushauri nasaha, na faini isiyozidi vipimo 25 vya fedha, yaani shilingi 500,000. Mlango wa pili ni mahakama ya hakimu, inayotoa amri ya ulinzi, na sheria inataka ombi lisikilizwe ndani ya saa 48 tangu kuwasilishwa. Linaloharibika mara nyingi ni la kwanza: wazee wanasuluhisha kesi isiyo yao. Mume aliyerudia kosa, au anayeonekana ataumiza tena, sheria inasema apelekwe polisi na kwa hakimu. Mwambieni mwenyekiti hilo kwa heshima, mapema, wakati hakuna kesi mezani. Siku ya kesi huwa amechelewa kujifunza, na huenda mshtakiwa ni shemeji yake.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: sheria hiyo inamlinda pia msichana wa kazi, awe analala kwa mwajiri au anarudi kwao jioni. Yeye ndiye anayebeba malezi ya nyumba nyingi za mjini, na akipigwa watu husema ni nidhamu. Si nidhamu, ni ukatili wa majumbani kwa maana kamili ya sheria.

Punje 24

Hamwezi kuchagua bila kujua mzigo uko wapi. Chombo rahisi kuliko vyote ni punje za mahindi. Waketisheni wanawake 8 hadi 12 peke yao, wanaume idadi hiyohiyo peke yao. Chini mchore viduara: kulala, shamba au biashara, kupika, maji, kuni au makaa, kufua na usafi, watoto, wagonjwa na wazee, ibada na mikutano, kupumzika. Kila mtu apewe punje 24, kila punje saa moja ya jana. Si "siku ya kawaida". Ukiuliza siku ya kawaida, mtu hukupa siku anayoitamani.

Baada ya kupanga, wape wanawake maharage kumi ya ziada, kila moja pia saa moja, na uwaambie: weka harage kila mahali ulipokuwa na mtoto mgongoni au jicho likiwa kwa mtoto huku mkono ukifanya kingine. Hapo ndipo picha hubadilika. Mama anayeuza nyanya kwa saa nane huonekana kazini kwa saa nane. Maharage yanaonyesha kuwa saa saba kati ya hizo alikuwa pia analea.

Makosa ni matatu. Wanaume kuchanganywa na wanawake kabla ya kila upande kupanga, basi wanawake hurekebisha punje zao wakitazama uso wa mume. Mwezeshaji kusahihisha. Na kufanya zoezi kwa siku moja tu katika msimu wa mvua au kiangazi. Saa za maji za Januari si za Aprili. Pigeni picha ya viduara bila sura za watu, mzitunze. Zitahitajika baadaye.

Sasa tuziweke njia zenyewe kando kwa kando.

SASA!: kubadili mtaa mzima

Hii ndiyo njia iliyothibitishwa vizuri zaidi Uganda. Ilitungwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ikaendeshwa na shirika la CEDOVIP, na kupimwa kati ya 2007 na 2012 katika jamii nane za Rubaga na Makindye, Kampala, nne zikiwa na programu na nne zikisubiri. Mwishoni, ukatili wa mwili wa mwenzi katika mwaka uliopita ulikuwa pungufu kwa asilimia 52 katika jamii zilizopata programu. Kipimo kilikuwa cha wakazi wa mtaa kwa jumla, si cha waliohudhuria vikao tu. Maana yake mabadiliko yalitoka kwa waliofundishwa yakafika kwa majirani zao.

Neno ni letu la Kiswahili, na herufi zake zimebeba hatua nne za Kiingereza, Start, Awareness, Support, Action: kuanza, kuelewa, kuungana mkono, kutenda. Wanaoendesha ni watu wa kawaida wa mtaa, muuza mkaa, fundi cherehani, wanaozungumza na wenzao penye foleni ya bomba au kijiweni kwa dakika kumi. Hawafundishi kwamba kupiga ni vibaya. Kila mtu anajua jibu hilo la kanisani na msikitini. Wanauliza kuhusu nguvu: nani ana nguvu juu ya nani, nani anaitumia vipi, nguvu ya ndani ya mtu inatoka wapi, na tukiungana tunapata nguvu gani.

Gharama yake ni muda. Huko Kampala programu ilikaa karibu miaka mitatu, na hesabu ya wachumi ilitoa takriban dola 460 kwa kila tukio la ukatili lililozuiwa. Ni thamani nzuri ukilinganisha na mbavu zilizovunjika na watoto walioacha shule, ila pesa inatangulia na matunda yanakuja mwishoni.

Inaharibika hivi. Mfadhili anatoa miezi 12, kikundi kinaruka hatua mbili za kwanza na kuanza na maandamano na fulana. Watu wanapiga makofi, mtaa unabaki ulivyokuwa. Au wanaharakati wanalipwa posho ya kikao, posho ikikoma nao wanakoma. Au hakuna anayewatembelea kila wiki mbili, kwa hiyo wanarudia wanachokijua, yaani kuwashauri wanawake wawe wavumilivu. Kama hamna uhakika wa miaka miwili na nusu, msiianze na kuipa jina hilo. Nusu ya SASA! haitoi nusu ya matokeo.

Na hata ikienda vizuri, haichimbi kisima. Inabadili jinsi jirani anavyoitikia kelele za usiku, ila ndoo ya maji bado ipo kichwani kwa mama.

Wenye kituo cha afya waangalie pia mradi wa SHARE wa wilaya ya Rakai, uliounganisha mazungumzo haya na huduma za VVU. Wanawake walioripoti ukatili wa mwili walikuwa asilimia 12 dhidi ya 16 kwa wasioupata, wa kingono 10 dhidi ya 13, na maambukizi mapya ya VVU yalipungua. Wanaume walipoulizwa wenyewe, hapakuwa na tofauti. Hilo tulikumbuke kila tunapopima kwa kuwauliza wanaume tu.

Vikao vya baba na vya wanandoa

Hapa kazi ya malezi na ukatili vinashughulikiwa kwenye meza moja, na kwa kikundi kidogo tunaiona kuwa njia ya kuanza nayo. Kaskazini, wilayani Amuru, mradi wa REAL Fathers uliwafuata baba vijana wa miaka 16 hadi 25 wenye mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mlezi wa rika la juu, aliyechaguliwa na kijana na mkewe, aliwatembelea nyumbani na kuwakutanisha kwa makundi, huku mabango yakibandikwa mtaani. Ukatili kwa wake ulipungua, na viboko kwa watoto pia. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mpango wa Bandebereho uliwaita wanaume kwenye vikao 15, wake wakijiunga katika vinane. Miezi 21 baada ya kipimo cha mwanzo wake waliripoti kupigwa kidogo zaidi kuliko wenzao wasiopata vikao, na wanaume walitumia muda mrefu zaidi kwa watoto na kazi za nyumbani.

Jinsi ya kuendesha: jozi 10 hadi 12, vikao 12 vya saa mbili, mara moja kwa wiki, siku isiyo ya gulio. Vikao vinne vya kwanza wanaume peke yao, wakiongozwa na mwanamume ambaye kwake kunajulikana kuwa na amani. Kila kikao kinaisha na kazi ya nyumbani: jukumu moja kwa wiki nzima. Mke ndiye analichagua. Liwe la kila siku na lisiwe la sifa. Kuosha mtoto na kumlaza, si kuchinja kuku Jumapili.

Angalieni neno "kusaidia". Mwanamume akisema "huwa namsaidia mke wangu kufua", amekwisha kukiri kwamba kufua ni kwa mke. Mwezeshaji asimkaripie. Aulize tu: "Ndugu, mtoto akiharisha usiku, nani anaamka? Na asubuhi, nani anafua zile nguo? Mtoto ni wa nani?" Kisha kikundi kikubaliane kusema "sehemu yangu". Mdomo ukizoea, mkono hufuata.

Na dhihaka ya mtaani ni ya kweli, msiidharau. Baba akionekana na ndoo, watasema amekaliwa. Mpelekeeni mfano ulio mbele ya macho yake: kijana anayepanga madumu manne au matano ya lita 20 juu ya baiskeli, anayasukuma kupandisha kilima na kuyauza nyumba kwa nyumba. Hakuna anayemcheka. Ni maji yaleyale, dumu lilelile la manjano, kilo 20 zilezile. Kinachotofautisha ni kwamba mmoja analipwa na mwingine ni mke wa mtu. Wanaume hulielewa hilo haraka kuliko hotuba yoyote ya haki. Kisha waanze pamoja, watano au sita, asubuhi moja, baiskeli zikifuatana. Mmoja peke yake huchekwa na mtaa. Sita ni kikundi.

Onyo moja lisilopuuzwa: kabla ya kuwaita wanandoa, mhojini kila mke peke yake, mahali pa faragha. Kama kuna silaha, kukabwa shingo, au tishio la kuua, nyumba hiyo si ya kikao. Ni ya rufaa. Kumkalisha mwanamke huyo mbele ya mumewe na kumwambia aeleze mzigo wake ni kumpeleka nyumbani kwenda kulipia maneno yake.

Kituo cha watoto

Serikali ya Uganda inagharimia elimu ya msingi tangu 1997, lakini chekechea na malezi ya wachanga vimeachiwa kwa sehemu kubwa watu binafsi. Kwa hiyo mama wa sokoni ana njia tatu: mtoto chini ya meza, mtoto kwa bibi, au binti mkubwa asiende shule. Ya tatu ndiyo ghali kuliko zote, ingawa haionekani kwenye hesabu.

Kwenye mzigo wa saa, hakuna njia inayoushinda upesi kama kituo. Jaribio lililofanyika magharibi mwa Uganda liliwapa baadhi ya akina mama ada ya malezi ya watoto, wengine fedha taslimu za thamani ileile. Malezi yaliinua kipato cha kaya kama fedha zilivyoinua. Kwa mama walio peke yao, biashara yao ndiyo iliyokua. Kwa walioolewa, ajabu, ni baba aliyepata muda zaidi wa kazi ya mshahara. Yaani nafasi iliyofunguliwa nyumbani haikumwendea mama moja kwa moja. Hapo ndipo unaona kwa nini kituo bila mazungumzo na baba ni nusu ya kazi.

Hesabu, kwa mfano tu, wekeni bei za kwenu. Watoto 24 wa miaka mmoja hadi minne, shilingi 1,500 kwa siku, siku 26: 936,000. Walezi watatu kwa 250,000 kila mmoja: 750,000. Unga wa uji, gramu 50 kwa mtoto, ni kilo 31 kwa mwezi. Kwa 3,000 kilo, ni kama 94,000. Makaa 60,000, sabuni na maji 80,000. Jumla 984,000, na tayari mna pengo la 48,000 ingawa kila mtoto amekuja kila siku. Hawatakuja kila siku. Wanne wakikosa kwa wastani, pengo linafika 204,000. Vituo vingi vya sokoni hufia hapa, miezi mitano au sita baada ya kufunguliwa, si kwa kukosa upendo. Pangeni mapato kwa watoto 20, ombeni uongozi wa soko usamehe kodi ya chumba, na muwe na akiba ya miezi mitatu kabla ya kufungua.

Msizibe pengo kwa kupunguza mshahara wa mlezi. Kumlipa mwanamke maskini kidogo ili mwanamke mwingine afanye kazi ni kuhamisha mzigo kutoka mgongo hadi mgongo.

Mlezi mmoja asizidi watoto watano walio chini ya miaka miwili. Saa za kufungua zifuate soko, si ofisi. Kama malori ya ndizi yanashusha saa kumi na mbili asubuhi, kituo kiwe wazi kabla ya hapo. Na daftari la kuchukua watoto liwe na majina ya watu wawili kwa kila mtoto, yaliyotajwa na mama. Mume mkali mara nyingi huja kumchukua mtoto ili mke arudi kwa nguvu. Mlezi asipambane naye. Awe na sentensi moja iliyofanyiwa mazoezi, "Mzee, ngoja nimpigie mama yake, kanuni ni hiyo kwa wote", na mlango wa pili.

Mtaji na mikopo

Kwa kifupi, maana ushahidi hapa hauna kona nyingi. Pesa inaondoa umaskini. Usiitegemee iondoe kofi. Kaskazini mwa Uganda, mradi wa WINGS uliwapa watu maskini sana, wengi wao wanawake, kama dola 150 na mafunzo ya biashara. Kipato kiliongezeka mara mbili. Ukatili wa mwenzi haukupungua, na udhibiti wa waume juu ya wake uliongezeka kidogo. Waume waliposhirikishwa, uhusiano uliboreka kiasi, bila ukatili kushuka kwa maana.

Kwa hiyo mkopo wa mpango wa serikali wa Parish Development Model wa shilingi milioni moja kwa kaya, au wa UWEP, mpango wa serikali wa ujasiriamali wa wanawake, kwa kikundi cha wanawake, uombeni kwa ajili ya biashara. Lakini kabla ya kusaini, mke na mume wakae na karatasi: nani atapika saa mke akiwa dukani, faida itatunzwa wapi, nani atalipa rejesho mtoto akiugua. Mke asipopunguziwa kazi nyumbani, biashara inakuwa zamu ya tatu.

Faini na sheria ndogo za gombolola dhidi ya waume wapigaji zinapendwa na madiwani. Mara nyingi faini hutoka kwenye pesa ya chakula, na mke ndiye anayelipa. Zisiwe za kwanza.

Kwa kuziangalia pamoja

| | Mzigo wa kazi | Ukatili | Muda wa chini | Kinachoiua |
|---|---|---|---|---|
| SASA! | Haiugusi moja kwa moja | Ushahidi imara zaidi | Miaka 2.5 hadi 3 | Haraka, posho |
| Vikao vya wanandoa | Huugawa upya | Hupungua kwa waliohudhuria | Miezi 6 | Dhihaka, kutochuja nyumba hatari |
| Kituo cha watoto | Huushusha upesi | Hakitoshi peke yake | Mwaka 1, kisha kijiendeshe | Pengo la hesabu |
| Mtaji | Huweza kuuongeza | Hakuna punguzo la maana | Mwaka 1 | Mke kubaki na kazi zote |

Kama mna mwaka mmoja na pesa kidogo: njia ya rufaa, punje 24, halafu vikao vya jozi 12 mara mbili mfululizo. Kama soko lina chumba na uongozi unaokubali kusamehe kodi, ongezeni kituo, na kila baba wa mtoto wa kituo awe na nafasi kwenye vikao. Kama mna mfadhili wa miaka mitatu, SASA! iwe mti mkuu, na vikao viwe tawi lake. Katika makazi ya wakimbizi, ambako watu huhamishwa na viongozi hubadilika, anzeni na vikao, maana miezi sita inaweza kukamilika kabla kundi halijatawanyika.

Kama ninyi ni waajiri, orodha yenu ni fupi na si ya hiari. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba siku nne. Mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 lazima awe na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono. Siku nne za baba ni chache mno. Hakuna sheria inayomzuia mwajiri kutoa kumi. Mwaka 2023 Uganda iliridhia pia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ambao unataja ukatili wa majumbani kuwa jambo linalohusu kazi. Dai la mfanyakazi anayeomba siku mbili ahamie kwa dada yake lina msingi.

Kama ninyi ni baraza, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini maamuzi hufanyika miezi mingi kabla, kwenye mikutano ya muluka (parish) na mkutano wa bajeti wa gombolola. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inataka bajeti zipimwe kwa usawa wa jinsia, na Tume ya Fursa Sawa ndiyo inayopima. Msiende na neno "malezi". Nendeni na picha ya viduara, mkaombe pampu moja ya kisima itengenezwe, maana afisa mipango ana mstari wa bajeti wa pampu na hana mstari wa uchovu.

Na wakati mnasubiri, yapo ya leo jioni. Maharage makavu yakilowekwa usiku kucha huiva kwa karibu nusu ya muda. Ni saa moja na zaidi ya makaa na ya kusimama jikoni, na kulowesha anaweza baba.

Baada ya miezi sita rudieni punje 24 na watu walewale, msimu ukiruhusu. Msishtuke kama idadi ya wanawake wanaokuja kusema wamepigwa imepanda. Mara nyingi ni kwamba sasa wanajua pa kusemea. Angalieni kiduara cha watoto na cha maji upande wa wanaume, na mkilinganishe na walichosema wake zao, mkiamini zaidi la wake. Kama punje za baba hazijasogea hata mbili, ongezeni vikao viwili kwa kundi hilohilo kabla ya kufungua jipya.